Paa Limeng'oka, Nani Ahame?

Mvua ya saa tisa Kakamega haibishi hodi. Ukipanga Amalemba, Lurambi ama Kefinco unajua: asubuhi jua, mchana mawingu, kisha upepo na mvua ya mawe juu ya mabati. Siku moja paa la jirani yetu, fundi wa pikipiki, liling'oka na ukuta ukapata ufa. Jioni keretaka akamwambia, "Boss, lipa paa ama uhame." Kesho yake mlango ulikuwa na kufuli jingine.

Wengi wetu tunadhani hiyo ndiyo sheria. Sivyo, na historia yake ni ndefu.

Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wafanyakazi walimiminika Glasgow, Uskoti, kuunda meli na silaha. Wenye nyumba wakaona nafasi, wakapandisha kodi. Kina mama, wakiongozwa na watu kama Mary Barbour, wakagoma kulipa nyongeza na kuwazuia milangoni waliokuja kuwafurusha. Desemba mwaka huohuo Bunge la Uingereza likapitisha sheria: anayelipa kodi asifukuzwe ila kwa sababu chache. Mojawapo ni kuiharibu nyumba.

Serikali ya kikoloni Kenya iliiga mwaka 1940, wakati wa vita vya pili. Mwaka 1959 ikaja sheria ya kudhibiti kodi ambayo tunayo hadi leo. Sababu ile ya Glasgow imo ndani: mwenye nyumba anaweza kudai nyumba yake ikiwa imechakaa kwa vitendo au uzembe wa mpangaji. Ila anadai mbele ya baraza la kodi, na baraza lazima lione kuwa ni haki kukutoa. Kukusumbua makusudi ili uhame ni kosa la jinai.

Shida ni kwamba sheria hiyo inalinda nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Bedsita ngapi mjini bado ziko hapo?

Ukilipa zaidi, hujaachwa uchi. Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa mwenye nyumba jukumu la paa na kuta kuu. Nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko au ajali isiyotokana na uzembe wako hadi isikalike, kodi, au sehemu yake, inasimama mpaka itengenezwe. Miezi sita ikipita bila ukarabati, unaweza kutoa notisi ya mwezi mmoja na kuondoka. Wewe nawe unatakiwa kuitunza nyumba, lakini uchakavu wa kawaida si deni lako.

Kwa hiyo swali la kwanza si "nani ahame?" bali "nani aliharibu?" Jibu halitolewi na kufuli. Piga picha za kuta na dari siku unayoingia, na uzihifadhi.

Fundi wetu hakuwa na picha wala hakujua la kusema. Alibeba godoro lililoloa akaenda kwa binamu yake. Dipoziti ilibaki. Mwezi uliofuata paa lilikuwa jipya, na kodi ya chumba imepanda.