Elementi Zinazorejea kwa Zamu

Tarehe 1 Machi mwaka 1866, mbele ya wanachama wa Chama cha Wanakemia cha London, alisimama John Newlands, kijana wa miaka 28 aliyekuwa akijipatia riziki kwa kuchambua kemikali za wateja wake, akaeleza kwamba elementi zikipangwa kwa kufuata uzani wa atomi zake, kuanzia iliyo nyepesi hadi iliyo nzito, kila ya nane hufanana kwa tabia na ya kwanza, kama sauti za muziki ambazo, zikishapanda saba, ile ya nane huwa ndiyo ya kwanza iliyorejea kwa daraja ya juu. Kanuni hiyo aliiita kanuni ya oktavu. George Carey Foster, mwalimu wa fizikia, alimwuliza kama amewahi kuzipanga kwa herufi za mwanzo za majina yake, kwani kwa rai yake hapana mpango usiokutanisha mara mojamoja vitu vinavyofanana kwa sadfa tu. Makala haikuchapishwa, na baadaye William Odling, alipokuwa rais wa chama hicho, alieleza kwamba desturi yao ilikuwa kutochapisha makala za nadharia tupu, kwa kuwa aghalabu huzaa malumbano. Odling mwenyewe alikuwa ametangaza jadwali lake la elementi mwaka 1864.

Kejeli ile haikuwa haki, walakini shaka iliyokuwa nyuma yake ilikuwa na asili yake, na anayetaka kuwahukumu waliocheka siku ile hana budi kwanza kuyajua yaliyotangulia. Tangu mwaka 1815, tabibu William Prout alipodai kwamba uzani wa kila atomi ni kigawe kamili cha uzani wa hidrojeni, wanakemia walikuwa wamegawanyika kambi mbili juu ya tarakimu. Na klorini, ambayo kila ilipopimwa ilitoa 35 na nusu, ilikuwa mwiba usiong'oka katika dai hilo, hata Jean Stas, aliyeanza akiipenda dhana hiyo, mizani yake mwenyewe ikamlazimisha kuikana. Kule Jena, Johann Döbereiner alikuwa ameonyesha mwaka 1829 kwamba elementi fulani huenda kwa utatu, mathalani lithiamu, sodiamu na potasiamu, ambapo uzani wa ile ya kati ni takriban wastani wa zile mbili za pembeni. Lakini elementi nyingi hazikupata wenzi. Mwaka 1862 Mfaransa de Chancourtois, mtaalamu wa miamba, alizipanga elementi kwa mzunguko juu ya mcheduara, zenye kufanana zikaangukiana wima, na makala yake ikatoka bila mchoro, kwa hiyo walioisoma hawakuielewa. Fauka ya hayo, hadi mkutano wa Karlsruhe wa Septemba 1860, ambapo Stanislao Cannizzaro alizitetea hoja za Avogadro, uzani wenyewe haukuwa na mapatano: wengine waliiandika kaboni 6, wengine 12. Katika zama kama hizo, mtu aliyeleta mpangilio mzuri wa tarakimu alitazamwa kama mpiga ramli.

Ama kanuni ya Newlands yenyewe, ilikuwa sahihi mpaka kalsiamu, na huo ni mwendo mkubwa kuliko alivyokuwa amefika mtu yeyote kabla yake. Baada ya kalsiamu iliharibika. Yeye, kwa kuogopa kuacha pengo, alijaza kila nafasi kwa alichokuwa nacho: chuma akakiweka safu moja na oksijeni na salfa, na kobalti na nikeli akazibana pamoja mahali pamoja, chini ya klorini, ilhali mtu yeyote aliyewahi kushika nikeli mkononi na kunusa klorini anajua kwamba hazina undugu. Swali lililostahili kuulizwa siku ile lilikuwa hili la chuma, na lau lingeulizwa, huenda Newlands mwenyewe angelijibu.

Dmitri Mendeleev, aliyezaliwa Tobolsk mwaka 1834 na aliyekuwa akisomesha St Petersburg, alitoa jadwali lake mwaka 1869 akiwa katika kazi ya kuandika kitabu cha kufundishia, siku ambazo elementi zilizojulikana zilikuwa 63. Yeye hakuogopa pengo. Palipokosekana elementi yenye tabia inayofaa aliacha nafasi tupu, na mwaka 1871 akazieleza tatu zisizokuwapo kwa sifa zake. Galiamu ilipopatikana Ufaransa mwaka 1875, mvumbuzi wake, Lecoq de Boisbaudran, alipata msongamano wa 4.7, naye Mendeleev, ambaye hakuwahi kuiona, alimwandikia kwamba ni lazima iwe karibu na 5.9, basi isafishwe ipimwe tena. Ikasafishwa, ikapimwa, ikawa 5.9. Baadaye zikaja skandiamu mwaka 1879 na germaniamu mwaka 1886, na tangu hapo waliokuwa wakisema sadfa walinyamaza. Mwaka 1882 yeye na Mjerumani Lothar Meyer walipewa nishani ya Davy kwa pamoja, na Newlands, baada ya kudai haki yake kwa miaka mingi, akapewa ya kwake mwaka 1887.

Ujasiri uleule, hata hivyo, haukumfaa kila mahali. Teluriamu ni ndugu wa salfa na seleniamu, na iodini ni ndugu wa klorini na bromini. Kwa hiyo, kama salfa inavyoitangulia klorini, teluriamu sharti iitangulie iodini. Lakini mizani ilisema teluriamu ni karibu 128 na iodini 127. Mendeleev alitoa hukumu ileile aliyoitoa juu ya galiamu, kwamba wapimaji wamekosea, akaiandikia 125. Wakapima tena, wakarudia kwa uangalifu mkubwa zaidi, na teluriamu ikabaki nzito. Mwaka 1894 Rayleigh na Ramsay wakaidhihirisha agoni katika hewa tunayovuta, gesi isiyoungana na kitu, yenye uzani wa karibu 40, mbele ya potasiamu yenye 39. Na kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuiweka, Mendeleev alielekea kuamini kwamba si elementi, bali ni naitrojeni ya atomi tatu. Ni baada ya wenzake heliamu, neoni, kriptoni na zenoni kupatikana ndipo safu nzima mpya ilipoongezwa, naye akaikubali kwa furaha. Inafaa kukumbuka kwamba lau gesi hizi zingejulikana mwaka 1866, kurudi kungekuwa kwa kila ya tisa, wala Newlands asingepata oktavu ya kuinadi.

Mendeleev alifariki mwaka 1907, fumbo la teluriamu likiwa bado halijafumbuliwa. Mwaka 1913, huko Manchester, Henry Moseley alipiga elementi kwa elektroni, akapima mawimbi ya miale ya eksirei yaliyotoka, akaona kwamba kipeuo cha pili cha marudio yake hupanda kwa hatua sawa kutoka elementi moja hadi ya pili. Kilichokuwa kikihesabiwa na hatua hizo ni chaji ya kiini cha atomi: kobalti 27, nikeli 28, japokuwa kobalti ndiyo nzito. Kwa hesabu hiyo teluriamu ni 52 na iodini ni 53. Wapimaji walikuwa wakweli, na Mendeleev aliiweka pahali pake. Uzani ndio haukuwa msingi wa mpango. Teluriamu ni mchanganyiko wa atomi za uzani mbalimbali, na nyingi kati yake ni zile nzito. Klorini nayo ni mchanganyiko wa 35 na 37, na hapo ndipo ile nusu iliyomtesa Prout ilipopata maelezo. Moseley aliuawa vitani Gallipoli Agosti 1915, akiwa na miaka 27, na kwangu mimi hapana hasara ya vita ile iliyo chungu kwa elimu kuliko hiyo.

Mabishano hayakuisha kwa kifo chake. Leo elementi zimefika 118, na bado wanakemia hawajakubaliana ni ipi iketi chini ya itriamu, lanthanamu au luteshiamu, na majadwali ya kuta za shule hutofautiana kwa sababu hiyo. Wapo pia wanaotaka heliamu, kwa kuwa ina elektroni mbili za nje, ihamishiwe juu ya beriliamu. Mimi ningeiacha ilipo, pamoja na neoni na agoni, kwa kuwa tabia ndiyo iliyowafanya watu wazipange elementi tangu mwanzo, na heliamu haifanani na beriliamu kwa lolote litendekalo katika chupa ya maabara; lakini hoja ya wale wengine ni ya elektroni, na elektroni ndizo zinazoleta kule kurejea, kwa hiyo haifai kujibiwa kwa kicheko.