Ndoo yangu ya mapovu na marando ya kukhu

Wasee, wiki chache zilizopita niliweka video ya ile ndoo yangu ya mapovu ya kuotesha vipandikizi, na wengi wenu mkasema, "Eh, teknolojia ya wazungu imefika Butere." Leo nataka tubishane kuhusu hiyo sentensi. Nimeichunguza hii maneno vizuri, na maoni yangu ni kwamba kazi inayofanywa na hiyo ndoo ni ya zamani sana huku kwetu. Shida ni kwamba waliokuwa wakiifanya hakuna mtu aliwaandika.

Kwa wale hawakuona video: ni ndoo ya lita 10 ya mafuta ya kupikia. Nimeipaka rangi nyeusi nje ili mwanga usiingie na kufanya maji yaote kijani. Kwenye kifuniko nimetoboa matundu tisa kwa msumari wa moto, na kila tundu lina kipande cha ndara kuukuu kilichopasuliwa katikati kushikilia shina. Ndani kuna mpira mwembamba uliounganishwa na pampu ndogo ya tanki la samaki niliyonunua Kisumu, na kwenye ncha ya mpira kuna kijiwe chenye vitundu kinachotoa mapovu. Mapovu yakipasuka, yanarushia mashina matone usiku na mchana. Hakuna dawa, hakuna mbolea. Ni maji na stima tu.

Sasa niwaambie ukweli ambao sikuusema kwenye video. Hiyo ndoo niliiunda kwa sababu nilikuwa nimeharibu kitu.

Kukhu wangu ana viazi vitamu vyake. Ganda ni jekundu, ndani ni vyeupe, na ukivichemsha vinakauka kama kiini cha yai. Mbegu alipewa na mama mkwe wake alipoolewa hapa, na hajawahi kuiacha. Nikisema mbegu mnajua namaanisha nini: ni yale marando, ile mimea inayotambaa, unaikata vipande na kuipanda. Mwaka baada ya mwaka alikuwa akiyahifadhi nyuma ya bafu letu la mabati, pale maji ya kuoga yalikuwa yanamwagika. Kiangazi cha kuanzia Disemba kikikausha shamba lote, hapo nyuma ya bafu palikuwa kijani.

Mwaka jana nikapata pesa yangu ya kwanza ya maana kwa hii kazi ya kontenti. Mimi ndiye yule aliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo nilitaka kuonyesha watu wa nyumbani kwamba si kukaa tu ninakaa. Nikajenga bafu la mawe, sakafu ya simiti, na bomba la kupeleka maji moja kwa moja kwa shimo lililofunikwa. Kila mtu akanisifu. Kukhu pia alinisifu. Kufika Februari, nyuma ya bafu palikuwa pamekauka kabisa, na marando yaliyobaki yalikuwa machache chini ya mgomba, yamenyauka. Hakunigombeza. Alisema tu, "Hayo maji yalikuwa na kazi."

Nikakata vipande tisa. Kumbuka idadi ya matundu.

Hapo ndipo nilianza kusoma, na hapo ndipo nikagundua kwamba historia tuliyofunzwa shuleni imeruka kitu kikubwa. Kiazi kitamu hakikuanzia Afrika. Asili yake ni bara la Amerika, sehemu za joto, na kilivuka bahari baada ya Wahispania na Wareno kuanza safari zao za karne ya 15 na ya 16. Speke na Grant walipopita Karagwe na Buganda mwaka wa 1861 na 1862, walikuta viazi vitamu vikilimwa huko ndani kabisa, mbali na bahari. Muhogo nao ulitoka huko huko Amerika, na nao unapandwa kwa kukata mti.

Fikiria hiyo safari. Mahindi unaweza kuweka kwenye gunia hata miezi sita, halafu upande. Rando ukiliacha juani siku chache, limekufa. Kwa hivyo ili kiazi kifike kutoka pwani hadi bara, ilibidi kitembee kikiwa hai, kutoka shamba hadi shamba, kila mara mtu akikipanda, akikingoja kikomae, kisha akimkatia jirani, shemeji, au binti anayeenda kuolewa. Na kila mahali penye kiangazi, ilibidi kuwe na mtu anayekumbuka kuweka marando machache penye unyevu: kando ya mto, chini ya mgomba, nyuma ya bafu. Msimu mmoja tu wa kusahau, na mbegu ya boma lenu imeisha.

Ukisoma historia ya Butere utapata tarehe. Misheni ya CMS ilianzishwa na Walter Chadwick mwaka wa 1912. Shule ya wasichana ilianza mwaka wa 1916. Reli ya kutoka Kisumu ilifika mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga mwaka wa 1973, na mashamba mengi huku yakageuka miwa. Hizo tarehe ni muhimu, sizikatai. Lakini watu walikula nini miaka hiyo yote? Na nani alihakikisha mbegu iko Machi mvua ikinyesha? Hiyo kazi haina tarehe, kwa sababu ilifanywa kila mwaka, na mara nyingi ilifanywa na wanawake. Ofisi hazikuiwekea faili.

Kuna jambo lingine. Kukhu ana sheria zake za kukata marando. Kata ncha, usikate sehemu ya chini iliyozeeka. Urefu uwe kama kutoka kiwiko hadi vidole. Yaweke kivulini siku moja au mbili kabla ya kupanda. Zika vifundo, acha ncha nje. Mimi nilikuwa nafikiri ni mazoea tu.

Halafu nikasoma kuhusu Mholanzi mmoja, Frits Went, aliyekuwa Utrecht. Mwaka wa 1928 alichapisha utafiti kuhusu kitu kinachotengenezwa kwenye ncha ya chipukizi na kuteremka chini, kikiongoza ukuaji wa mmea. Kitu hicho kinaitwa oksini. Baadaye ikajulikana kwamba oksini pia ndiyo inayoamsha mizizi kwenye shina lililokatwa. Mwaka wa 1935 Zimmerman na Wilcoxon huko Marekani wakaonyesha kemikali za maabara zinazofanya kazi hiyo hiyo. Mojawapo ndiyo utaipata leo ndani ya unga wa kuotesha mizizi ukienda agroveti. Sasa rudi kwa kukhu: kata ncha. Ncha ndiyo kiwanda chenyewe. Na fukusi wa viazi wanapenda kutagia sehemu ya chini iliyokomaa, kwa hivyo ukikata ncha unawaacha wengi nyuma. Yeye hakuhitaji neno oksini kujua hivyo.

Huyo huyo Went, mwaka wa 1957, ndiye aliyebuni neno eroponiki, yaani kukuza mmea mizizi ikining'inia hewani na kurushiwa maji. Alifanya hivyo kwa kahawa na nyanya. Ndoo yangu ni ndugu mdogo wa hiyo mbinu. Na si mgeni Kenya: kituo cha KALRO kule Tigoni, Limuru, kimetumia eroponiki kuzalisha mbegu safi za viazi mbatata.

Mbona mapovu? Shina lililokatwa linapumua, na kujenga mizizi ni kazi inayohitaji oksijeni nyingi. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba karibu miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakipata joto la nyuzi 30 yanabeba kama 7 na nusu. Ukiyaacha yatulie kwenye chupa, hiyo kidogo inaliwa na shina pamoja na vijidudu vya kuoza, na siku ya tano unasikia harufu. Mapovu yanarudisha hewa.

Nisiwadanganye lakini. Mvua ikiwa inanyesha, rando la kiazi halihitaji ndoo. Lisukume tu kwa udongo, litaota. Ndoo ina maana wakati wa kiangazi, ukiwa na vipande vichache ambavyo huwezi kuvipoteza.

Na ina hatari yake. Kila kipandikizi ni nakala ya mama yake, na ugonjwa wa mama pia unanakiliwa. Muulize mzee yeyote huku kuhusu muhogo miaka ya 1990. Ugonjwa wa batobato, ule unaokunja majani na kuyafanya madoa ya manjano, ulikuwa umeandikwa tangu mwaka wa 1894 kule Usambara, lakini aina kali ilitokea Uganda na kuingia magharibi mwa Kenya katikati ya miaka ya 90. Nzi weupe waliusambaza, na watu pia tuliusambaza, kwa wema wetu wenyewe, tukipeana vijiti. Kukhu anasema shangazi alimletea mzigo wa miti ya muhogo kwa furaha, na msimu uliofuata hakuvuna kitu. Ndiyo maana hakati rando lenye majani yaliyojikunja, hata kama ndilo la mwisho. Kwenye ndoo ni hivyo hivyo: mashina yote tisa yanakunywa maji mamoja. Moja likioza, litoe mara moja na ubadilishe maji.

Lakini mkono huo huo unaopeana ndio uliotupatia mambo mazuri. Kuna kiazi cha rangi ya machungwa, chenye vitamini A, kinachoitwa SPK004. Jina lake lingine ni Kakamega. Kilitoka huku Kenya, na mwaka wa 2004 Uganda ikakiidhinisha rasmi kwa wakulima wake kikiwa na jina hilo la kwetu. Watafiti wa Uganda wakakitumia kuzaa aina mpya, ikiwemo Kabode, na leo Kabode inalimwa huku magharibi mwa Kenya. Yaani mtoto wa Kakamega alizaliwa ng'ambo akarudi nyumbani. Robert Mwanga, Mganda aliyeongoza kazi hiyo ya viazi, alikuwa mmoja wa washindi wanne wa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka wa 2016. Lakini kabla ya maabara kulikuwa na watu waliokuwa wakipanda viazi na kuvihifadhi kila kiangazi.

Turudi kwa ndoo. Siku ya tatu nikaona vidoti vyeupe kwenye vifundo. Nikarekodi, nikafurahi. Siku ya nne stima ikapotea, ikakaa siku mbili. Pampu kimya. Maji yakaanza kuwa na utelezi, na mashina mawili yakalainika chini. Nilikuwa nimekaa hapo nikilaumu kila mtu, kukhu akaja na jagi. Akachota maji kwenye ndoo, akainua mkono juu, akayamwaga tena ndani. Akachota, akamwaga. Vile tu mtu anapoza chai kwa vikombe viwili. Nikamuuliza nani alimfunza. Akaniuliza kama sijawahi kuona mto ukipita kwa mawe.

Tulifanya hivyo kwa zamu hadi stima ikarudi, mchana na jioni. Vipande vitatu vilikufa, sita vikaota mizizi. Niliviweka kwenye makopo ya udongo kivulini, na mvua ya Machi ilipoanza tukavipanda. Saa hii vimefunika tuta zima, na majirani wawili wameshakuja kuomba mbegu. Kukhu alikagua majani kwanza ndipo akawakatia.

Bomba la bafu pia nimelikata. Maji sasa yanapita kwa mtaro mdogo hadi nyuma, na marando ya akiba yako hapo. Bafu ni la mawe bado, usijali, picha zitakuja.

Kwa hivyo ukiniuliza kama ndoo ya mapovu ni teknolojia ya wazungu, nitasema pampu imetoka mbali, na sayansi ya Went naiheshimu. Lakini ile kazi ya kuhakikisha kijiti hakifi kabla ya mvua ina wenyewe hapa Butere, na wengine bado wako hai. Wengi wao hawako kwa simu, hawana kontenti, na hakuna mtu amewauliza.

Leo nina ombi moja. Nenda kwa kukhu wako, au kwa mama, umuulize hizi maswali tatu: hii mbegu ulipewa na nani, kiangazi uliiweka wapi, na ni gani ilipotea? Andika jina, andika mahali. Kisha uniambie. Nataka kuanza orodha ya boma kwa boma, na ya kwanza nimeshaandika: viazi vyekundu, kutoka kwa mama mkwe, nyuma ya bafu.