Haki ya Aliyegongwa na Gari Lililotoroka

Msomaji, gari lipitapo mbele yako barabarani, litazame kwa nyuma. Utaona kibao chenye herufi na tarakimu. Watu wengi hudhani kwamba kibao hicho kiliwekwa kwa ajili ya kukusanya kodi. Lakini kazi yake kubwa ni kumtambulisha mwenye gari, ili mtu aliyeumizwa asibaki akilia peke yake na kumwuliza mpita njia, "Ni nani huyo aliyenigonga?" Katika insha hii nitakueleza jinsi haki ya majeruhi huyo ilivyopatikana, kwa hatua moja baada ya nyingine, na jinsi ilivyofika katika nchi yetu ya Kenya.

Tuanze Uingereza, maana sheria zetu nyingi za barabarani zina asili huko. Kabla ya motokaa kuja, ilikuwa imekubalika kwamba mtu akiumizwa kwa uzembe wa mwenzake anayo haki ya kudai fidia. Mwaka 1846 Bunge la nchi hiyo liliongeza kwamba hata mtu akifa, mkewe, watoto wake na wazazi wake waweza kudai kwa hasara waliyoipata. Haki hiyo ilikuwa na sharti moja: mdai lazima amjue mdaiwa. Katika zama za farasi sharti hili halikuwa gumu sana, kwa kuwa gari lilikwenda polepole na mwendeshaji wake aghalabu alijulikana na wenyeji. Tena, sheria ya mwaka 1865 iliamuru kwamba mitambo ya kujiendesha yenyewe isizidi mwendo wa maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 mijini, na kwamba mtu atangulie mbele yake kwa miguu, akiwaonya watu.

Tarehe 17 Agosti 1896, mama mmoja aliyeitwa Bridget Driscoll, mwenye umri wa miaka 44, alikuwa akitembea na binti yake katika bustani za Crystal Palace, London. Siku hiyo motokaa zilikuwa zikionyeshwa kwa watu, na moja ilimgonga akafa. Huyo ndiye mtu wa kwanza nchini humo kuuawa na motokaa hali akienda kwa miguu. Uchunguzi ulifanywa, mashahidi wakasikizwa, na baraza la wananchi walioapishwa likaamua kwamba kifo chake kilikuwa cha ajali. Dereva hakushtakiwa. Lakini angalia jambo moja: dereva yule alijulikana, akaitwa, akahojiwa. Je, ingekuwaje kama angeongeza mwendo na kutokomea? Swali hilo halikuchelewa kuwafikia watu. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule sheria ya mtu wa kutangulia ilifutwa, magari yakaongeza mwendo, na idadi yake ikazidi mwaka hata mwaka.

Wahenga husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sheria ya fidia ilikuwa na nyufa tatu, nazo ziliachwa muda mrefu kabla ya kuzibwa.

Ufa wa kwanza ulikuwa wa dereva asiyejulikana. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya motokaa mwaka 1903, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1904. Kila gari liliandikishwa na kupewa nambari, na nambari ile ikawekwa mahali pa kuonekana. Sheria hiyo iliamuru pia kwamba ajali ikitokea kwa sababu ya gari, dereva lazima asimame, na akiulizwa ataje jina lake, mahali akaapo, jina la mwenye gari na nambari ya gari. Tangu hapo kutoroka kukawa kosa peke yake, mbali na kosa la kugonga.

Ufa wa pili ulikuwa wa dereva anayejulikana lakini hana kitu. Majeruhi alikwenda mahakamani, akashinda, akapewa hukumu iliyoandikwa vizuri, kisha akakuta mdaiwa wake ni maskini. Hukumu hailiwi, wala haimlipi daktari. Kufikia mwaka 1930 Uingereza ilikuwa na magari zaidi ya milioni 2, na katika mwaka huo mmoja watu zaidi ya 7,000 waliuawa barabarani. Ndipo sheria mpya ya mwaka 1930 ikamlazimisha kila mwenye gari kukata bima kwa ajili ya watu ambao gari lake laweza kuwaumiza. Mwaka 1934 ikaongezwa kwamba majeruhi akipata hukumu, kampuni ya bima imlipe yeye mwenyewe. Mwaka huo huo ikafutwa kanuni ya kale iliyosema kwamba haki ya kudai hufa pamoja na mkosaji. Kabla ya hapo, dereva mzembe akifa katika ajali ile ile, aliyeumizwa naye hakuwa na wa kumdai.

Ufa wa tatu ndio mgumu kuliko yote: dereva ametoroka, nambari haikuonekana, na hakuna ajuaye bima yake ni ya kampuni gani. Mwaka 1946 makampuni ya bima ya Uingereza yalipatana na Serikali yakaunda ofisi ya pamoja ya kuwalipa watu walioumizwa na madereva wasio na bima. Kwa wale walioumizwa na madereva wasiojulikana, ofisi hiyo ililipa kwa hisani yake tu, na hisani haidaiwi. Ilichukua hadi mwaka 1969 kufanywa mapatano rasmi ya kuwalipa hao pia. Fedha hizo hutoka katika makampuni yote ya bima. Yaani wenye magari wote hubeba kwa pamoja mzigo wa yule mmoja aliyekimbia.

Sasa tuje kwetu. Kenya ilirithi kanuni za sheria za Kiingereza, na hata leo Sheria yetu ya Mahakama hutaja tarehe 12 Agosti 1897 kuwa mpaka wa sheria za Bunge la Uingereza zilizopokewa hapa. Tangu zama za ukoloni tumekuwa na sheria ya bima ya magari, iliyojulikana kwa miaka mingi kama Sura ya 405, na sheria ya usalama barabarani ya mwaka 1953, yaani Sura ya 403. Hiyo ya pili humwamuru dereva kusimama baada ya ajali, kutoa jina na nambari kwa mwenye sababu ya kuuliza, na asipofanya hivyo, kupiga ripoti kwa polisi upesi iwezekanavyo, bila kupita saa 24. Sheria hiyo husema pia kwamba mtu ambaye gari limeandikishwa kwa jina lake huhesabiwa kuwa ndiye mwenyewe mpaka ithibitishwe vingine. Kwa hiyo, nambari ikijulikana, mwenye gari hupatikana, na bima hupatikana hata kama dereva amejificha.

Aliyeumizwa, au jamaa yake, afanye nini basi? Kwanza atibiwe, na karatasi zote za hospitali azihifadhi. Pili, ajali iripotiwe kwa polisi, kisha aombe abstrakti ya polisi, maana karatasi hiyo huonyesha tarehe, mahali, na nambari ya gari ikiwa inajulikana. Tatu, amwone wakili mapema. Muda wa kufungua madai ya kuumizwa kwa uzembe ni miaka 3. Kwa mtoto, huanza kuhesabiwa atimizapo utu uzima. Ajihadhari na madalali wanaozunguka wodini wakiwatafutia mawakili wateja, kwani jambo hilo limekatazwa na sheria.

Asiye na fedha asikate tamaa. Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia maskini tangu mwaka 1973. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria, na mwaka ule ule sheria ya Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwamo ya fidia ya majeraha. Katika mahakama hiyo mtu aweza kujisemea mwenyewe.

Lakini msaada wote huo husimama juu ya kitu kimoja: nambari. Wakili hodari hawezi kumshtaki mtu asiye na jina, na hakimu mwadilifu hawezi kumhukumu gari lisilojulikana. Ufa ule wa tatu ungali wazi kwa majeruhi wetu wengi. Mara nyingi yeye mwenyewe hakuona kitu, kwa kuwa alikuwa ameanguka chini. Aliyeona ni mtu wa kando: mwenye duka, mchunga mbuzi, au mwanafunzi atokaye shuleni.

Basi, msomaji, ikikupata siku kuwa mtu huyo wa kando, mwite mtu mzima, mwite polisi, umsaidie aliyeumia. Kisha andika nambari, hata kama ni nusu yake, pamoja na rangi ya gari, saa, na upande lilikoelekea. Ukiitwa kutoa ushahidi, nenda ukaseme ulichokiona, usizidishe wala usipunguze.