Kuzomea Hakushindi Hoja: Somo la Tabora, 1958

Sisi wa Kings Heath huwapeleka watoto kucheza Highbury Park bila kuuliza jina hilo limetoka wapi. Kando ya bustani lipo jumba la Highbury, alimoishi Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza kuanzia 1895 hadi 1903. Birmingham ulikuwa mji wake, na wengi hapa hawakutaka kusikia neno la kumpinga.

Tarehe 18 Desemba 1901, David Lloyd George alikuja kuhutubia Town Hall, katikati ya mji. Alikuwa akipinga vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, vita ambavyo Chamberlain alivitetea. Umati ulimzomea, ukavunja madirisha kwa mawe, na hotuba haikusikika. Ikabidi atolewe kwa siri akiwa amevaa sare ya polisi. Lakini waliomzomea walishinda usiku mmoja tu: mwaka 1916 mtu yuleyule akawa Waziri Mkuu.

Wazee wetu nao walikuwa na mkutano wao mgumu. Januari 1958, wajumbe wa TANU walikutana Tabora. Serikali ya kikoloni ilikuwa imepanga uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kwa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Tena yalikuwepo masharti ya elimu na kipato, hivyo watu wengi walifungiwa nje. Wajumbe wengi walifika Tabora wakitaka chama kisusie uchaguzi huo. Walikuwa na kila sababu ya kukasirika.

Mwalimu Julius Nyerere, wakati huo akiwa na miaka 35, naye aliyapinga masharti hayo. Lakini aliona kwamba TANU ikisusia, viti vitakwenda kwa UTP, chama kilichopendelewa na serikali, na uhuru utachelewa. Hakuwa na polisi wala jela ya kumnyamazisha mtu. Alikuwa na hoja tu. Mjadala uliendelea kwa siku kadhaa, na mwishowe wengi wakakubali kushiriki. Uamuzi ule tunauita mpaka leo Uamuzi wa Busara.

Si wote walioridhika. Zuberi Mtemvu alijitoa, akaanzisha chama chake cha African National Congress. Hata hivyo, katika uchaguzi wa 1958 na 1959 wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, na UTP ikaanguka. Tarehe 9 Desemba 1961 tukapata uhuru wetu.

Tuseme pia lililofuata. Mwaka 1965 Tanzania ikawa nchi ya chama kimoja kisheria, na ikabaki hivyo mpaka 1992. Kumsikiliza anayekupinga ni kazi isiyokwisha, hata kwa walioifanya vizuri Tabora.

Na sisi je? Katika mikutano yetu hapa, mara ngapi mtu amesimama kuuliza habari za mapato na matumizi, akaambiwa "Kaa chini"? Mara ngapi kijana aliyezaliwa hapa ameanza kusema, Kiswahili kikamkwama, tukacheka? Hakurudi mkutano uliofuata, nasi tukabaki kulalamika kwamba vijana hawapendi chama.

Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Anayezomewa anyamaze kidogo, asirudishe tusi. Akubali lililo kweli katika kelele ile, kisha aendelee na hoja yake. Mwenyekiti amlinde mzungumzaji, hasa asiyekubaliana naye. Nasi tulioketi tukumbuke kwamba zamu yetu ya kusimama itafika.

Watoto wetu, mkisoma haya, mjue kwamba uhuru tunaousherehekea ulipitia katika mkutano wa watu waliokuwa na hasira na bado wakasikilizana. Mkutano ujao njooni mseme, kwa Kiswahili chochote mlicho nacho. Safari hii tutasikiliza.

Heri ya Sikukuu ya Uhuru.