Nani Huiamsha Kibaha Usiku wa Hatari?

Jumatano ya tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili na robo usiku, nyumba nyingi za Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani zilikuwa zimefungulia taarifa ya habari. Ghafla ardhi ikatikisika na waliokuwa ghorofani wakateremka ngazi mbio. Tetemeko lile lilianzia chini ya bahari, kusini-mashariki mwa Vikindu, na ukubwa wake ulikaribia 6. Kwa mkaa pwani swali la kwanza baada ya tetemeko la baharini ni hili: je, maji nayo yatakuja? Televisheni ilikuwa inawaka, simu ilikuwa mkononi, lakini watu walibaki kupigiana simu na kutumiana ujumbe wa WhatsApp, kila mmoja akimuuliza mwenzake ambaye naye hajui.

Tetemeko halina mtabiri. Hata Japani, ambayo tangu 2007 huwatahadharisha raia wake kwa simu na televisheni, huwapa sekunde chache tu baada ya mtikisiko wa kwanza kunaswa na mitambo. Lakini kuna saa na siku zinazofuata hatari, au zinazoitangulia, ambazo mtu anaweza kuambiwa afanye nini. Huko ndiko watu wa Kibaha na Kisarawe wamekuwa wakiokolewa au kuachwa, kutegemea habari ilisafiri vipi.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mbiu. Uzaramoni pembe ikilia, watu waliacha majembe na kwenda kwa pazi, yaani mtawala wao, kusikiliza kuna nini. Mbiu ilikuwa na sehemu mbili, mlio wa kumsimamisha mtu na maneno ya kumweleza, na nguvu yake ilitokana na mazoea: hata mtoto aliujua mlio ule kabla ya siku ya shari. Udhaifu wake ulikuwa kwamba haikuweza kusema lisilojulikana na mpigaji. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipoipiga Unguja na Bagamoyo, kikavunja merikebu za Sultani Barghash na kung'oa mikarafuu na minazi, hapakuwa na chombo cha kuleta habari kutoka baharini kwa kasi ya kuushinda upepo.

Redio ilianza kutangaza Dar es Salaam mwaka 1951, ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa mbiu ya taifa. Wenye umri wanakumbuka ilivyokuwa Aprili 1984, Edward Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari, na Oktoba 1999, Mwalimu Nyerere alipofariki: redio ilibadilika, nyimbo za maombolezo zikashika nafasi ya vipindi, na mtu aliyepita barabarani akisikia muziki ule dirishani alijua kuna msiba mkubwa kabla hajaambiwa ni wa nani.

Na redio ilipofanya kazi na watu wa mtaani, matokeo yalikuwa makubwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya vikundi vya wasikilizaji vijijini. Vilisikiliza kipindi pamoja, vikajadili, kisha vikaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Ilikusudiwa kufikia watu wazima milioni moja, ikafikia takriban milioni mbili. Naitaja kwa sababu leo tunapozungumzia mitambo ya tahadhari tunasahau haraka kwamba hapa kwetu redio ilifaulu pale ilipokuwa na mwenyekiti wa kikundi upande wa pili.

Televisheni ilichelewa. Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bara ikasubiri hadi 1994, mwaka huohuo ambao simu za mkononi zilianza. Miaka kumi baadaye vyombo vyote vitatu vilikuwepo, na bado vikatuangusha. Tarehe 26 Desemba 2004 bahari ilitikisika karibu na Sumatra kabla ya saa kumi alfajiri kwa saa zetu. Mawimbi ya tsunami yalihitaji saa nyingi kuvuka Bahari ya Hindi, na kufikia mchana dunia nzima ilikwishaona picha za Asia. Mombasa polisi waliwaondoa watu ufukweni, na Kenya ikapoteza mtu mmoja. Tanzania ilipoteza watu wasiopungua 10, baadhi yao wakiwa wamekwenda kuogelea siku ile ya mapumziko. Habari ilikuwepo, haikumfikia aliyekuwa majini. Kutokana na janga lile nchi za Bahari ya Hindi ziliunda mfumo wa pamoja wa tahadhari ya tsunami, na tangu 2009 hufanya majaribio yaitwayo IOWave, ambapo ujumbe wa tsunami ya kubuni hutumwa kwa vituo vya taifa. Kwetu kituo hicho ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA.

Tukio lililoigusa Kisarawe kwa karibu zaidi halikutoka baharini. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 ghala za silaha katika kambi ya jeshi ya Gongo la Mboto zililipuka. Miaka miwili ilikuwa haijatimia tangu mabomu ya Mbagala, ya tarehe 29 Aprili 2009. Kila tukio liliua zaidi ya watu 20. Anga liliwaka, vipande vya mabomu vikaangukia nyumba zilizo mbali na kambi, uwanja wa ndege ukafungwa. Maelfu ya watu walitembea gizani kuelekea mjini na kulala Uwanja wa Uhuru; wengine walishika barabara ya Pugu kuipandisha milima ya Kisarawe. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao.

Fikiria mama aliyebeba mtoto kwenye njia panda ya Pugu usiku ule. Alihitaji kujua mambo matatu: akimbilie upande gani, afike umbali gani, na arudi lini. Viongozi walizungumza redioni na kwenye televisheni, lakini mtu anayekimbia hakubeba televisheni. Alikuwa na simu, na kitu pekee ambacho simu ile ingeweza kumpa kilikuwa sauti ya ndugu, ikiwa angempata.

Teknolojia ya kumjibu mama yule ilikwishakuwepo. SMS ya kawaida huenda kwa namba moja moja, nayo hukwama pale mtandao unapoelemewa, yaani saa ileile inapotakiwa. Tahadhari ya mnara hufanya kazi kama redio: mnara hutangaza mara moja, na kila simu iliyowashwa ndani ya eneo lake hupokea, bila kujulikana namba wala mwenyewe. Simu hutoa mlio mkali usiofanana na mwingine wowote, hutetemeka, na maandishi huziba kioo chote. Marekani iliingiza huduma hiyo mwaka 2012, juu ya mfumo wake wa redio na televisheni ambao mizizi yake ni ya 1951, enzi za hofu ya mabomu ya Urusi.

Wenzetu wamejifunza kwa kujaribu, na majaribio yao yameumbuka hadharani. Marekani ilipojaribu mfumo wa redio na televisheni nchi nzima kwa mara ya kwanza, tarehe 9 Novemba 2011, baadhi ya watazamaji hawakuona kitu, na baadhi ya wenye madishi wakasikia wimbo wa Lady Gaga. Tarehe 13 Januari 2018 wakazi wa Hawaii waliambiwa na simu na televisheni kwamba kombora linakuja. Ujumbe wa kukanusha ulifika kwenye simu zao baada ya dakika 38. Uingereza ilijaribu simu zake Jumapili ya tarehe 23 Aprili 2023, kwetu ikiwa saa kumi na moja jioni, na wateja wengi wa kampuni moja hawakupata chochote. Oktoba 4 mwaka huohuo ikawa zamu ya Marekani tena, saa tatu na dakika 20 usiku kwa saa za Kibaha.

Ujerumani ndiyo inayonikaa moyoni. Septemba 2020 ilifanya siku ya taifa ya kujaribu tahadhari, ikashindwa vibaya: ujumbe wa kwenye programu za simu ulichelewa kama nusu saa. Julai 2021 mafuriko yakaua zaidi ya watu 180 nchini humo, wengi wao katika bonde la mto Ahr. Tahadhari ya mnara ilijaribiwa nchi nzima Desemba 2022. Jaribio lilikuwa limewaonyesha ufa mapema, na mto haukungoja.

Turudi kwenye sebule ya Maili Moja au Mlandizi. Televisheni yetu huja kwa king'amuzi, na king'amuzi cha dishi hupokea kutoka setilaiti inayomulika nchi nyingi kwa pamoja. Maji ya Ruvu yakipanda, maandishi yanayopita chini ya skrini yatasomwa Mlandizi sawa na Bukoba, na mtu wa kilimani Kisarawe mjini hatajua kama yanamhusu. Upepo mkali ukikata umeme, skrini hiyo inazimika kwanza. Mnara wa simu ndio unaoweza kutenganisha bonde la Ruvu na vilima vya Pugu.

TMA imepiga hatua. Ilianzishwa kama wakala mwaka 1999, ikawa mamlaka kwa sheria ya 2019, na leo hutoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa kwa rangi ya njano, ya chungwa na nyekundu. Aprili 2021 ilitahadharisha kuhusu kimbunga Jobo, ambacho kilinyong'onyea kabla ya kuleta madhara makubwa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilisogelea Mafia. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa mapema, na mvua zake zikakata barabara ya Lindi maeneo ya Somanga. Aliyedharau Hidaya kwa sababu Jobo alipita kimya alikosea hesabu, lakini namwelewa: taarifa zote mbili zilimfikia kwa sura moja, picha iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp katikati ya salamu za asubuhi na matangazo ya viwanja.

Ndiyo maana natamani Kibaha na Kisarawe zifanyiwe jaribio la wazi. Litaonyesha simu ngapi za vitufe zimekaa kimya, kwa kuwa nyingi huja na kipengele cha kupokea tahadhari ya mnara kikiwa kimezimwa. Litaonyesha mabonde ya Vikumburu na Mafizi yasiyoshika mtandao, ambako mwenyekiti wa kitongoji itabidi atumwe kwa pikipiki na spika za msikiti ziwashwe. Litaonyesha kama madereva wa malori wanaoingia Kwala, wenye laini za Kongo na Zambia, nao wamepata. Lifanywe mchana, kabla ya masika, likitangazwa wiki nzima redioni, misikitini na makanisani, na baada yake watu wa halmashauri wapite nyumba kwa nyumba wakiuliza swali moja: simu yako ililia?