Kikulacho Chuma Ki Mwilini Mwake

Kwa miaka mingi vivuko vya chuma vimewavusha watu kati ya Mwanza mjini na Kamanga. Abiria huona chombo kimoja kizito. Mwanakemia huona betri ndogo ndogo zisizohesabika, na kazi ya betri hizo ni kuleta kutu.

Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia alipanga visahani vya zinki na vya shaba, akavitenganisha kwa vitambaa vilivyoloa maji ya chumvi, akapata umeme. Siri yake ni kwamba metali hazilingani katika kuachia umeme. Kwa kipimo cha wataalamu shaba iko volti 0.34 juu ya sifuri, chuma 0.44 chini yake, zinki 0.76 chini. Zikigusana majini, iliyo chini zaidi ndiyo inayoliwa. Hata chuma kikiwa peke yake hakisalimiki: sehemu moja huachia umeme, nyingine huukabidhi kwa oksijeni iliyomo majini. Panapoachia ndipo panapotoboka.

Mwaka 1824 Mwingereza Humphry Davy alikinga mabamba ya shaba ya meli za kivita kwa kuyafungia vipande vya zinki au chuma, viliwe badala yake. Hila hiyo hutumika hadi leo.

Ipo njia nyingine, na ushahidi wake uko hapa kwetu. Julai 1916, katika Ziwa Tanganyika, Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Goetzen, baada ya kupaka mitambo grisi. Iliopolewa 1924, mitambo ikafaa tena, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Grisi ilizuia maji na hewa; bila viwili hivyo kutu haipati nafasi.

Je, sisi wa Ziwa Victoria? Maji baridi hupitisha umeme kidogo mno kuliko ya bahari. Hivyo zinki, mlinzi hodari wa pwani, huku hulegea. Magnesi, yenye volti 2.37 chini ya sifuri, hufaa zaidi. Mwenye chombo asiige dawa ya Dar es Salaam kabla ya kuyajua maji yake.

Rangi ikibanduka ipakwe. Kipande cha kinga kikiisha kibadilishwe. Abiria wa Kamanga haoni kilichoko chini ya maji. Amemwachia mwenye chombo na mkaguzi waone kwa niaba yake.