Fred Archer: mtu aliyeishi kwenye mizani

Wandugu, historia ya leo ni ya mbali, lakini tuianzie hapa kwetu. Tarehe 10 Oktoba 1870, David Livingstone alitoka nje ya nyumba yake pale Bambarre, ndiyo Kabambare yetu ya leo, kisha kukaa ndani siku 80 juu ya vidonda vya miguu. Farasi hakuwa naye. Kwetu mbung'o walikuwa wengi, na ugonjwa wanaoupeleka huua farasi haraka. Mtu wa Maniema wa wakati ule alikwenda kwa miguu, na mzungu pia.

Sasa angalieni tarehe. Mzee akiwa bado amelala na vidonda vyake, tarehe 28 Septemba 1870, kule Chesterfield, Uingereza, kijana wa miaka 13 alishinda mbio yake ya kwanza ya farasi ya uwanja wazi. Jina lake Fred Archer. Kazi yake ilikuwa ujoki, maana yake kulipwa ili upande farasi wa mtu mwingine na umpeleke mbele ya wenzake. Mbio zake zilikuwa za uwanja wazi, bila kuruka viunzi.

Alizaliwa Cheltenham tarehe 11 Januari 1857. Baba yake William naye alikuwa joki, mshindi wa Grand National ya 1858. Fred alikuwa na miaka 11 tu walipompeleka Newmarket, mji wa farasi, akajifunze kazi kwa Mathew Dawson. Shule hakusoma sana, kuandika kulimtesa mpaka mwisho. Lakini juu ya farasi, ai! Mwaka 1872 alishinda mbio kubwa ya Cesarewitch akiwa mwepesi kama mtoto, karibu kilo 35. Mwaka 1874, na miaka 17, akawa wa kwanza Uingereza nzima kwa idadi ya ushindi. Nafasi hiyo hakuiacha tena: miaka 13 mfululizo, mpaka kufa kwake.

Wakati huo huo Tippu Tip alikuwa amejikita upande wa Kasongo. Oktoba 1876 Stanley alimkuta pale Mwana Mamba, wakapatana juu ya safari ya kuteremka mto. Stanley alipofika Boma, Agosti 1877, Archer alikuwa ameshashinda Derby yake ya kwanza, na farasi Silvio. Huku kwetu kitu kilichopimwa kwa frasila kilikuwa pembe za ndovu. Kule Newmarket kilichopimwa kilikuwa mtu mwenyewe.

Na hapa njo kiini cha maisha yake. Katika mbio nyingi, farasi mwenye nguvu hupangiwa mzigo mkubwa na mnyonge mzigo mdogo, ili wakaribiane. Mzigo huo ni joki pamoja na tandiko lake. Anapimwa kabla ya mbio na tena kisha mbio. Joki akizidi, farasi anabeba uzito usio wake, mwenye farasi anakasirika, na walioweka pesa zao pia wanakasirika. Kwa hiyo soko lilitaka watu wafupi na wembamba. Archer alikua mpaka mita 1 na sentimita 78! Wakati wa baridi, mbio zikisimama, alifika karibu kilo 70. Msimu ukifunguliwa ilibidi arudi chini ya kilo 56, kila mwaka, kama mtu anayelipa deni lisiloisha.

Alifanyaje? Alishinda na njaa. Asubuhi kipande cha chungwa na mafuta ya nyonyo, siku nyingine samaki mdogo wa kopo na champagne kidogo. Daktari wa Newmarket alimtengenezea dawa kali ya kuharisha. Nyumbani kwake alijengesha chumba cha mvuke ili atoe jasho. Watu walijua yote haya na wakayasifu, eti nidhamu! Mimi nasoma naona kitu kingine: matajiri wa farasi, wenye kubeti, magazeti, wote walikula juu ya mwili wa mtu mmoja aliyekuwa hali.

Malipo ya kawaida ya joki yalikuwa gini 5 akishinda na gini 3 akishindwa, gini moja ikiwa pauni moja na shilingi moja. Yeye alipata zaidi, juu matajiri kama Lord Falmouth walimlipa kwa mwaka mzima. Walimtania kwamba anapenda pesa mno. Labda, lakini alizipata kwa shida. Mei 1880 farasi Muley Edris alimwuma na kumponda mkono. Wiki chache tu mbele, mkono umefungwa, akapanda Bend Or na kushinda Derby. Zote pamoja alishinda Derby 5. Mwaka 1885 peke yake alishinda mbio 246, na hesabu hiyo haikuvunjwa mpaka 1933, na Gordon Richards.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Januari 1883 alimwoa Helen Rose, binti wa ndugu yake Dawson. Mtoto wa kwanza, wa kiume, alifariki mara tu alipozaliwa. Novemba 1884 Helen alizaa binti, akafa siku chache baada ya uzazi. Archer akaenda Marekani baridi ile kutuliza moyo, akarudi, akaingia tena kwenye mizani.

Oktoba 1886 alitaka mbio moja kubwa ambayo hajawahi kuishinda, Cambridgeshire, na farasi St Mirin. Alikaa siku tatu bila chakula, na bado akazidi kama nusu kilo. Alishindwa kwa kichwa cha farasi tu. Wapenzi wa mbio walibishana sana juu ya nusu kilo ile. Mimi sioni maana ya ubishi huo: mtu aliyepanda siku ile alikuwa amekwisha.

Aliendelea kupanda siku kadhaa akiwa mgonjwa, kisha akarudishwa Newmarket na homa kali ya tifoidi. Akili ikamvurugika, na tarehe 8 Novemba 1886 alijiua. Alikuwa na miaka 29, na mbio 2,748 alizoshinda. Alizikwa Newmarket, pamoja na Helen. Aliacha mali ya pauni zaidi ya 60,000, na binti wa miaka miwili, Nellie Rose.